Kazi ya Nyumbani ya Ben

Livu ya Musyimi ilitoka mwezi wa Juni, katikati ya muhula, kwa sababu mtu wa reli hapewi likizo anapoitaka. Hupewa reli inapoweza kukaa bila yeye. Alipoipata hakumshauri mtu. Alimwambia mkewe, Mumbe, afungashe nguo, wanaenda Mboghoni, kule Taveta mpakani, kwa dada yake Kasiva, wiki mbili nzima, wakale ndizi na kusikia maji yakipita kwenye mfereji badala ya magari ya mizigo. Hakusema ni kitu gani kingine walikuwa wanaenda kukipumzikia. Katika nyumba yao ya Sofia, pale Voi, jina la Ben halikuwa limetajwa tangu matanga yaishe, na aliyelipiga marufuku ni yeye mwenyewe. Alidhani uchungu ni kama mgeni mbaya, ukimnyima kiti ataondoka.

Shida ilikuwa Ndanu, mtoto waliyebaki naye. Ndanu alikuwa gredi ya nane, na alama za miradi ya gredi ya nane huhesabiwa siku ya kugawiwa shule ya upili. Mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Ajiambo, mama wa Busia asiyecheka ovyo, alimwacha Musyimi asimame mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka alipomaliza kusahihisha.

"Baba Ndanu, watu huenda likizo shule zikifungwa."

"Najua, mwalimu. Lakini mimi kalenda yangu inapangwa na reli."

"Sawa. Kuna mradi wa kilimo. Atengeneze kitalu cha sukuma wiki hukohuko, apige picha kila hatua, aandike ripoti kwa mkono wake. Ijumaa ya pili, kabla ya saa kumi, iwe imefika kwa simu yangu. Isipofika naandika sufuri, na hiyo sufuri ikishaingia kwa system, si mimi si wewe, hakuna wa kuitoa."

"Itafika," alisema Musyimi, kwa ujasiri wa mtu asiyekuwa na simu ya kutuma picha. Yake ilikuwa mulika mwizi. Simu ya maana nyumbani ilikuwa moja tu, ya Mumbe.

* * *

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Kasiva hakungoja hata hiyo ya pili. Asubuhi ya kwanza alimkabidhi Ndanu kipande cha shamba ukingoni mwa migomba, akamwonyesha namna ya kulainisha udongo na kufungua mkondo wa maji kwa jembe. Kule Mboghoni maji ya mfereji huenda kwa zamu. Zamu yako ikifika unafungua, ikipita jirani anafungua yake, na wewe unabaki kutazama jua. Ndanu alipanda mbegu, akazifunika kwa majani makavu ya migomba, akapiga picha. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na kitu cha kumwonyesha mama yake.

"Mama, cheki. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza."

"Ni nzuri," alisema Mumbe. Macho yake yalikuwa kwenye simu, na simu alikuwa ameinyanyua juu akitafuta mtandao. Ukiwa nyumbani kwa Kasiva simu hukukaribisha Tanzania bila wewe kuvuka mpaka. Ili upate mtandao wa Kenya ilibidi uende hadi kwenye kidaraja cha mfereji, na hapo ndipo Mumbe alipopageuza kuwa kiti chake.

Ben alikuwa amefariki mwezi wa Machi mwaka uliotangulia, akiwa gredi ya tano, kwa homa iliyomchukua kabla hawajaelewa kwamba ni homa ya kuua. Wazazi wa darasa lake walichanga, wakaja, wakazika, wakarudi makwao. Grupu lao la WhatsApp likaendelea. Mwaka mpya ulipoanza lilibadilishwa jina likawa la gredi ya sita, na hakuna aliyekumbuka kumtoa Mama Ben, wala yeye hakujitoa. Kule Voi alikuwa anasoma tu, kimya, kama mtu anayepita nje ya nyumba aliyowahi kuishi. Alijua wanasoma hesabu za sehemu, alijua wanatakiwa kuleta kadibodi, alijua nani ameambiwa anyoe nywele.

Wiki ile mwalimu wa gredi ya sita alikwenda kujifungua, na mahali pake akaletwa kijana mgeni, Mwalimu Chrispine. Ujumbe wake wa kwanza ulimkuta Mumbe kwenye kidaraja: *Wazazi ambao watoto wao hawako shuleni wiki hii, naomba mjitambulishe ili niwatumie kazi, wasibaki nyuma.*

Mumbe aliusoma, akausoma tena. Kule Voi asingeweza kuujibu. Kule kulikuwa na kitanda kilichofungwa kamba na kusimamishwa ukutani, na majirani wenye macho. Lakini hapa Ndanu hakuwa shuleni, na Ben hakuwa shuleni. Watoto wake wote wawili walikuwa wamekosa shule, kwa namna moja, wiki moja. Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa, ila aliyesema hivyo hakuwahi kuingizwa kwenye grupu la wazazi. Mumbe alimwandikia mwalimu kando, nje ya grupu: *Ben Musyimi. Tumesafiri Taveta na familia.*

*Asante Mama Ben,* mwalimu akajibu. *Msalimie. Mwambie tunamngoja.*

Alibaki pale akiyatazama maneno hayo mpaka simu ikajizima kioo.

* * *

"Kaa hapa," alimwambia Ndanu jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba. Alikuwa na daftari jipya alilonunua dukani. "Kuna hesabu za sehemu. Mimi nitakutajia, wewe andika."

"Hizi ni za grade six, mama."

"Najua ni za gredi gani."

Ndanu aliangalia jalada. Jina lilikuwa limeshaandikwa. Alitazama huku na huku kuona kama baba yake yuko karibu, maana jina lile lilikuwa na adhabu.

"Mama, si Ben..."

"Andika tu. Mwandiko wangu ni wa mtu mzima, ataujua. Wewe unakumbuka alivyokuwa anaandika. Herufi zake zililalia kushoto."

Ndanu alikumbuka. Ben alitumia mkono wa kushoto na alikuwa anaburuza kiganja juu ya wino mpaka ukurasa unachafuka. Aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole, na kadiri alivyoandika ndivyo herufi zilivyokuja zenyewe, zimelala, zimebanana, saba yenye kikofia. Alipomaliza ukurasa hakutaka kuutazama.

Majibu ya mwalimu yalikuja kesho yake. *Vizuri sana Ben. Umekosa moja tu.* Mumbe alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa kikaenda nyuma, na Kasiva aliyekuwa anamenya ndizi jikoni akatokeza mlangoni kuona ni nani. Ndanu hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mazishi. Na hapo ndipo mtego ulipomnasa, kwa sababu mtoto atafanya jambo lolote ili asikie tena mama yake akicheka.

Akaandika insha ya Ben kuhusu mnyama ampendaye. Akaandika sayansi ya Ben, na ramani ya kaunti ya Ben. Kila jioni daftari lilikuja kabla ya chakula, na kila jioni ripoti ya kitalu ilisukumwa hadi kesho.

* * *

Siku zamu ya maji ilipofika upande wa Kasiva, Ndanu alikuwa kwenye kidaraja na mama yake, anachora mfumo wa usagaji chakula. Aliyasikia maji yakibadilika sauti shambani. Aliinuka.

"Malizia utumbo," alisema Mumbe.

Alipomaliza utumbo, jirani alikuwa ameshafungua kwake. Ukingo mmoja wa kitalu ulikuwa umepauka, na miche iliyochipuka juzi ilikuwa imelala chini. Kasiva alimkuta amechuchumaa pale. Alikwenda kuchota ndoo, akanyunyizia kwa mkono, huku akilalamikia mgongo.

"Ulikuwa wapi, shangazi yako nikuite mpaka koo likauke?"

"Nilikuwa na homework."

"Homework ya nani?"

Kasiva hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaona jina kwenye daftari alipokuwa anafagia. Alimfuata kaka yake kwenye kivuli alikokuwa anasikiliza redio.

"Musyimi. Mkeo anamfanyisha huyu msichana kazi ya marehemu. Na anaituma shuleni."

Musyimi alipunguza redio. Alichelewa kujibu kiasi kwamba Kasiva alielewa kuwa habari hiyo haikuwa ngeni kwake.

"Dada, umeona anavyokula siku hizi? Jana ameomba kuongezwa. Kule Voi nilikuwa namlisha kama mgonjwa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mkubwa. Zimebaki siku chache tu. Tukirudi itaisha yenyewe."

"Hakuna kitu kinaisha chenyewe," alisema Kasiva, akarudi jikoni. Alikuwa na hasira, lakini hakusema zaidi, kwa sababu wifi yake alikuwa mgeni na mwenye msiba, na watu hawa wawili hawakemewi.

* * *

Alhamisi ya wiki ya pili Mwalimu Chrispine aliandika kwamba kila mwanafunzi aliye nje ya shule atume sauti akisoma kifungu cha ukurasa aliousema.

Ndanu alikuwa amemaliza ripoti yake asubuhi ile, kurasa nne, na picha za kitalu zote, hata ya ukingo ulionyauka. Alikwenda kidarajani kuomba simu.

"Soma hii ya Ben kwanza," alisema Mumbe, "halafu utatuma yako."

"Mama, kuandika ni sawa. Kusoma siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitakuwa nasema kama yeye."

"Sauti zenu zilikuwa moja. Watu walikuwa wanapiga simu wanakuita Ben." Mumbe alimshika mkono, si kwa nguvu. Uso wake ulikuwa unaomba, na hakuna kitu kigumu kukinyima kama uso wa mzazi unaoomba. "Mara moja tu, Ndanu. Yeye alikuwa anameza mwisho wa sentensi. Unakumbuka?"

Ndanu alikumbuka. Alisoma. Alimeza mwisho wa sentensi, akajikwaa kwenye neno refu kama Ben alivyokuwa akijikwaa, akapumua kwa pua. Maji ya mfereji yalikuwa yanapita chini yao. Katikati ya kifungu Ndanu alihisi wazi kwamba si yeye anayesoma, na aliogopa sana, lakini hakuacha, kwa sababu aliogopa zaidi kitakachotokea kwa mama yake akiacha.

Mumbe aliisikiliza rekodi ile macho yamefumbwa, mara nyingi, kabla ya kuituma. Alipomaliza chaji ilikuwa imekwisha. Ripoti ya Ndanu ilibaki kwenye begi.

* * *

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, Mwalimu Chrispine aliicheza sauti ile darasani. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka gredi ya sita wasikie namna mwenzao aliye safarini anavyojitahidi, akainua simu juu ili hata wa nyuma wasikie. Watoto walikaa kimya. Alidhani ni adabu. Kisha msichana mmoja wa mbele akaanza kulia, na mvulana mmoja, Donald, aliyekuwa anakaa dawati moja na Ben, akatoka nje bila ruhusa, akaenda mpaka nyumbani kwao.

Mumbe alikuwa kidarajani na simu yenye chaji mpya, anangoja kusifiwa. Ndanu alikuwa kando yake na kurasa zake nne mkononi, anangoja zamu. Ujumbe ulioingia ulikuwa wa Mama Donald.

*Mwalimu, umewachezea watoto wetu sauti ya nani? Donald amekuja hapa anatetemeka, anasema ni Ben. Ben tulimzika mwaka jana. Mimi mwenyewe nilipika kwenye hiyo matanga.*

Halafu wakafuatana, huyu anauliza, yule anasema shetani ashindwe, mwingine anatuma aya ya Biblia. *Huyu mama aombewe. Hii ni kucheza na watoto wa watu. Admin uko wapi?* Mumbe alikuwa anasoma kila mmoja, midomo inacheza. Alianza kuandika jibu. Kabla hajafika mwisho wa sentensi kisanduku cha kuandikia kilitoweka, na chini pakabaki maandishi madogo ya kumjulisha kwamba ameondolewa.

"Wamenitoa," alisema. "Ndanu, wamenitoa. Nirudishe."

"Siwezi, mama."

"Wewe unajua hizi simu. Nirudishe."

Ndanu alimnyang'anya simu mama yake. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani. Akiwa analia alipiga picha kurasa zake moja moja, akazituma kwa Mwalimu Ajiambo pamoja na picha za kitalu, na saa kumi ilikuwa bado. Simu ililia papo hapo.

"Niko na nani?"

"Ni Ndanu, mwalimu."

"Kazi yako nimeiona. Lakini ofisi nzima hapa ni ya moto. Namba hii ndiyo imekuwa ikituma kazi ya marehemu wiki mbili. Nani alikuwa anaandika?"

Ndanu alimtazama mama yake.

"Sasa nitajuaje hii ni yako, ama nayo imeandikwa na mtu? Mwalimu mkuu amesema niizuie. Jumatatu asubuhi mama yako aje aeleze. Si baba, mama. Asipokuja kusema mwenyewe, Ndanu, ni sufuri, na mimi sitakuwa na la kufanya."

* * *

"Umetutia aibu," alisema Musyimi. Walikuwa wanafunga mizigo, na livu ilikuwa imebakiza siku. "Nitapita vipi Sofia? Watu wote wako na hilo grupu."

Mumbe alikuwa amekaa kitandani. "Unajua Mwalimu Chrispine aliniuliza nini siku ya kwanza? Alisema nimsalimie Ben. Mwaka mzima na zaidi, Musyimi, hakuna mtu aliyenitajia mtoto wangu. Wewe ukiona viatu vyake unatoka nje. Yule kijana ambaye hatujui hata uso ndiye aliyesema jina."

Musyimi aliendelea kukunja shati lilelile.

Ndanu alisimama mlangoni. "Mama, Jumatatu utasema?"

"Nitasema nini?"

"Useme ile yangu ni yangu. Na useme..." Hakuweza. Hata yeye alikuwa amelelewa katika marufuku ile. "Useme Ben alienda wapi."

Mumbe alimtazama bintiye. Hakuahidi kitu.

* * *

Ofisini hawakupewa viti. Mwalimu Ajiambo alikuwa mezani, Mwalimu Chrispine amesimama dirishani, kijana mwembamba aliyevaa tai kubwa kuliko shingo. Walimu wengine walijifanya wanasahihisha.

Musyimi alianza. "Mwalimu, mke wangu tangu ule msiba hajakuwa..."

"Nimemwita yeye," alisema Mwalimu Ajiambo.

Mumbe alikuwa ameshika pindo la leso kwa mikono miwili. Ndanu alimtazama, na kila mtu mle ndani aliona namna alivyomtazama.

"Kazi za Ben zilikuwa zangu," alisema Mumbe. "Ndanu nilimwandikisha mimi. Alikataa, nikamlazimisha. Hii ya kitalu ni yake peke yake, mimi hata sikuiangalia." Alipumua. "Ben hakusafiri. Ben alikufa."

Hakuwa amewahi kulisema neno hilo. Lilitoka dogo, likaanguka pale sakafuni mbele ya watu wasiojua walitazame vipi. Musyimi aligeuza uso ukutani.

"Mama, kosa ni langu," alisema Mwalimu Chrispine, karibu kwa kunong'ona. "Sikuuliza darasa. Nilikuwa nimeshamtafutia mahali pa kukaa."

Mwalimu Ajiambo alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akafungua picha za kitalu kwenye simu yake, akamuuliza Ndanu maswali, moja baada ya jingine: kina cha mbegu, kivuli, kwa nini ukingo huu umenyauka. Ndanu alijibu yote. La ukingo alisema zamu ya maji ilimpita, naye mwalimu hakuuliza kwa nini. Aliandika alama, akaifunika kwa kiganja kabla mtu hajaiona.

"Nenda darasani, Ndanu. Umekosa mengi, utaanza kunakili leo."

Nje gredi ya sita walikuwa uwanjani, kipindi cha michezo. Mumbe alisimama kwenye veranda.

"Hawa ndio wao?" alimuuliza Ndanu kabla hajaenda darasani.

"Ndio, mama."

Hakuyaamini macho yake. Alikuwa amewafuata kila siku, anajua mtihani wao na nywele zao, lakini hakuwa amewaona tangu siku ya kaburi. Walikuwa na miguu mirefu. Sare ziliwaishia juu ya magoti, wasichana walikuwa wamepata vifua, na hapakuwa na mmoja kati yao aliyekuwa wa kimo cha mtoto aliyekuwa akimwandikia hesabu. Alimtafuta wa kimo hicho mstari kwa mstari.

Mvulana mmoja aliyekuwa anafukuza mpira alimwona, akasimama, mpira ukapita. Alikuwa Donald. Alisita, akatazama wenzake, kisha akaja hadi chini ya veranda kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, Mama Ben," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kuwa nzito, ya kiume.

"Marahaba," alijibu Mumbe. Aliteremka ngazi mpaka chini, akapeleka kiganja juu ya kichwa cha yule mvulana kama anayempima, na ilimbidi kuunyoosha mkono juu.